Boksi Zenye Herufi H

Wenzangu wa idara ya Kiswahili, mmeniomba niandike miaka yangu ya kazi, na mkuu wenu ameongeza kwamba niandike kwa utulivu. Utulivu sina. Tangu nistaafu naamka alfajiri, nasali, nakunywa chai, na ikifika saa moja na nusu miguu inataka kwenda kazini yenyewe. Juzi ilinifikisha mpaka getini kwenu, nikajifanya nimekuja kumjulia hali mlinzi. Aliniangalia kwa huruma, na sipendi kuangaliwa hivyo. Basi nitaandika nikiwa nasimama na kukaa, mtanivumilia.

Mimi ni Mwajuma, mtoto wa mtaa wa Buyenzi, binti wa fundi magari. Kwa miaka thelathini na sita nilitunza bande, ndivyo tulivyoita mikanda ya sauti ya redio, ile inayozungushwa kwenye rili kubwa kama sahani. Redio yenyewe sitaitaja jina. Ninyi mnaijua, na wengine halitawasaidia kitu. Vyeo na mishahara navyo naviruka, kwa sababu habari zake ni fupi na hazichekeshi.

Siku ya kwanza nilipelekwa kwenye chumba cha bande, chini ya ngazi, nikamkuta Mzee Nassor. Wakati ule hakuwa mzee, alikuwa na miaka arobaini na kitu, ila alivaa miwani minene na kila mtu alimwamkia shikamoo. Kwao walikuwa Waarabu wa asili ya Oman, wenye duka la vitambaa katikati ya mji tangu enzi za babu yake. Duka alilikataa akaja redioni, na baba yake alikaa miaka akiwaambia wateja kwamba mwanawe ni mgonjwa. Lakini duka halikumtoka. Alipanga bande kwenye rafu kama majora ya vitenge, migongo yote nje, na kila asubuhi alipitisha kiganja juu yake kuhakikisha hakuna iliyojitokeza. Nikiweka moja vibaya hakunisema. Aliitoa, akaiweka mkononi mwangu, akasubiri.

Kazi niliyoichukia ilikuwa ya Ijumaa. Bande mpya zilitoka ng'ambo, na zilikuja zilipotaka kuja, kwa hiyo kila Ijumaa kabla ya sala ya adhuhuri tulifuta za zamani ili zirekodiwe upya. Tulikuwa na sumaku kubwa ya umeme. Unaweka rili juu yake, unawasha, inanguruma, na saa nzima ya watu kuongea inaondoka. Mzee Nassor aliniambia nivue saa ya mkononi kwanza. Sikumsikiliza, na saa ile haikunipa wakati wa kweli tena mpaka nilipoigawa.

Ijumaa hiyo hiyo niliona kwamba baadhi ya boksi zimeandikwa herufi moja kwenye mgongo, H, kwa kalamu nyekundu. Nikamuuliza maana yake. Akasema kwa utulivu, kana kwamba kila mtu duniani anajua, kwamba ni zile zisizofutwa. Mimi ni mtoto wa madrasa na mdomo ninao, nikaona kasoro.

"Sasa hii H ni haramu ao ni halali?" nikauliza. "Zote zinaanza na H."

Akavua miwani, akaifuta kwa shati. "Ni haramu kufuta," akasema. "Halali hatuandike. Kitu ya halali haina lazima ya alama."

Nilicheka peke yangu mpaka nyumbani. Lakini niliishika sheria ile, na kwa miaka yote iliyofuata sikuiandika popote. Ilikuwa kichwani mwake na kichwani mwangu, na tuliona hapo ni mahali pa kutosha.

Boksi nyingi zenye H zilikuwa za kipindi kimoja, "Barazani". Wazee wenu wanakikumbuka. Kilikuwa cha saa nzima kila wiki, na hakikufanywa studioni. Tulibeba mashine ya kurekodi, kilo zake nazijua kwa bega langu la kulia, tukaenda walipo watu. Tulikaa na wapakiaji mizigo bandarini wakisubiri meli ya Kigoma, na wanawake wauza ndagala, dagaa wa ziwani, na walimu, na mafundi wa Buyenzi mikono ikiwa bado na grisi. Wiki hii mahari, wiki ijayo uchaguzi, ijayo nani ana haki ya kumzika marehemu, wakwe au ndugu. Watu waligombana, wakacheka, wakasema mambo ambayo leo wangeyaandika kwenye simu na kuyafuta baada ya dakika mbili. Mimi nilishika kinasa sauti na kutazama sindano ya mashine isiingie kwenye nyekundu. Mtu akikasirika, sindano inajua kabla ya mkewe.

Kesi moja ya H mtaipenda. Mkubwa mmoja anayekaa Kiriri, mtaa wa wenye vyeo, alizungumza kwenye "Barazani", akajisahau, akasema jambo kuhusu mkubwa mwenzake. Kesho yake akamtuma dereva na kikaratasi kwamba bande ifutwe. Mzee Nassor alikisoma, akakikunja, akamwambia dereva amjulishe bosi wake kwamba bande ile ni haramu. Dereva alikuwa Mwislamu, akarudi Kiriri mbio akiwa na hofu halisi. Sijui alimweleza nini bosi wake, aliyekuwa Mkatoliki, lakini inaelekea yule bwana aliona amegusa dini ya watu. Hatukusikia neno tena, na dereva tangu siku ile alikataa hata kuingia chumbani kwetu.

Kisha ikaja miaka ya vita, ambayo sitaieleza, kwa kuwa walioiona hawahitaji na wasioiona hawataipata kwangu. Nitasema la kazini tu. Watu walipotezana. Mji ulikatika vipande, mtaa huu hauingiliki na watu wale, na Buyenzi yetu ikajaa wageni wa kila upande, kwenye kila ua familia tatu. Wenye kutafuta watu wao walikuja redioni kila siku, foleni ilitoka mlangoni mpaka barabarani. Tuliwarekodi: jina, umri, nguo, walipoonekana mara ya mwisho. Na "Barazani" nayo ikaacha nusu saa yake ya pili iwe ya watu hao. Nilirekodi sauti nyingi mno. Ukiniuliza sura zao, sina. Hili linanisumbua kuliko mengi, na usingizi wangu wa sasa si mzuri kwa sababu hiyo pia.

Mzee Nassor alistaafu vita vilipokwisha, akahamia kwa binti yake mtaa wa Kibenga, akafariki huko, Mwenyezi Mungu amrehemu. Chumba kikabaki changu. Jambo moja alilonifundisha nililishika kuliko yote, yaani kutorudisha bande mwanzo ikishachezwa. Unaiacha mwisho wake ukiwa nje, mwanzo ndani, kwa sababu ikikaa hivyo miaka mingi sauti hazivujiani vibaya. Watangazaji walinung'unika kwamba inabidi waizungushe kabla ya kuisikiliza. Niliwaambia wanung'unike wakizungusha.

Sasa nafika mahali ambapo nimesimama mara tatu tangu niandike mstari wa juu.

Miezi michache kabla ya kustaafu kwangu lilikuja zoezi la kuingiza bande zote kwenye kompyuta. Aliyelisimamia ni Nadège, mhandisi kijana mnayefanya naye kazi, na nataka ieleweke hapa kwamba binti huyu ana bidii na kosa si lake. Alinijia asubuhi moja na daftari, akaniomba nimwandikie maelezo ya alama zote zilizo kwenye boksi. Nilikuwa na haraka. Mpwa wangu alikuwa anaolewa na mchele ulikuwa haujachaguliwa. Nikamwambia kila kitu kimeandikwa kwenye boksi, mwenye macho anasoma. Kisha nikachukua likizo ya wiki mbili, na nikakumbuka kumwambia mlinzi anisalimie paka wa stoo.

Mnalijua jengo letu. Kila kibovu humo, kuanzia lifti mpaka bomba la choo, kimebandikwa karatasi ya H.S., hors service, kwamba hakifanyi kazi. Vijana wa Nadège waliona H nyekundu, wakaisoma kwa Kifaransa. Walidhani ni bande zilizoharibika ambazo mama wa bande, kwa huruma yake, ameshindwa kuzitupa. Wakazitoa zote uani ili wapate nafasi. Zisizo na alama, zile ambazo Mzee Nassor aliziona ni halali kufutwa, matangazo ya ng'ombe aliyepotea na muziki wa kujazia muda, waliziingiza kwenye kompyuta moja moja kwa uangalifu mkubwa.

Na mimi niliporudi sikuliona. Chumba kilikuwa kimejaa maboksi ya kompyuta, rafu za nyuma zimefunikwa, na nilikuwa na hasira na vumbi lao. Aliyelifichua ni mtu wa nje.

Alikuja wiki tatu kabla ya siku yangu ya mwisho, mwanamume anayekaribia miaka arobaini, shati limepigwa pasi, kazi yake kutoa mizigo ya watu forodhani, bandarini. Jina lake Evariste. Alikataa kiti. Akasimulia kwamba katika vita, akiwa mdogo, alipotezana na mama yake siku watu walipokimbia kutoka Kibenga. Shangazi yake alimkuta kwenye kambi baadaye, akamchukua, akamlea, akamsomesha. Na shangazi huyo alimwambia tangu utotoni kwamba mama yake alivuka mpaka kwenda Uvira wiki ile ile, akaanza maisha mapya, akafia huko, na kwamba hakumtafuta mwanawe. Mwezi uliotangulia shangazi alikuwa amefariki. Kwenye matanga jirani mmoja wa zamani, bibi kizee, alimshika mkono akamwambia alimsikia mama yake redioni, kwenye "Barazani", akimtafuta.

"Sitaki kesi na mutu," alisema. "Shangazi alinilea muzuri. Mi nataka kujua tu kama ni kweli."

Nilifurahi, naona aibu kuliandika. Nilifurahi kama muuza duka aliyeulizwa bidhaa aliyonayo yeye tu mjini. Nikafungua daftari la Mzee Nassor, alimoandika kila bande na waliomo, nikapitisha kidole kwenye miaka ile, na haikuchukua robo saa. Mwandiko wake ulikuwa hapo: Mama Evariste, wa Kibenga, na namba ya bande, na H pembeni. Nikamwambia asubiri dakika moja. Nikasogeza maboksi ya kompyuta, nikafika rafu ya nyuma, na rafu ilikuwa tupu, tena imefutwa vumbi.

Nadège alipoelewa alikaa chini sakafuni. Mimi sikukaa. Nilimuuliza kila mfagiaji, kila mlinzi, sikumpa mtu nafasi ya kumaliza sentensi. Uani hapakuwa na kitu. Mwishowe mlinzi wa mchana akasema, kwa sauti ya mtu asiyejua kama ametenda wema au dhambi, kwamba bande alizichukua shemeji yake anayelima mpunga bondeni, upande wa Gihanga, kwa ajili ya ndege.

Mnaotoka bonde hilo mmeshaelewa. Bande ukiivuta kati ya miti miwili juu ya mpunga, upepo unaitikisa, inang'aa na kulia, na ndege wanaogopa kutua.

Tulikwenda siku ile ile kwa gari la Evariste, yeye, mimi na Nadège. Njiani hakuna aliyeongea isipokuwa mimi, na mimi niliongea bila kupumua, habari za shule, za bei ya mafuta, za lolote, kwa sababu nikinyamaza nilikuwa naiona ile rafu. Tukamkuta shemeji huyo mwenye shamba, Mama Spès, amepinda mgongo kwenye maji. Nyuma yake shamba zima lilikuwa limepigwa mistari ya kahawia, na lilikuwa linalia. Nimesikia bande zikilia kwa kila namna, sikuwahi kuzisikia kwa upepo.

Nilimweleza habari yote, na Mama Spès akasikiliza akiwa ameshika kiuno. Alisikitika, lakini alisikitika kama mkulima.

"Mama, nikitoa hizi kamba leo, kesho ndege banakula muchele yote," alisema. "Nitalisha batoto na nini?"

Hapo ndipo Evariste aliposhuka shambani na viatu vyake vya ofisini. Akamwambia hatachukua kamba zote, anatafuta moja tu, na kila atakayoitoa atafunga nyingine mahali pake, hata kama itabidi akanunue kanda za zamani soko zima. Mama Spès akamwangalia, akaniuliza kwa Kirundi ni nini kilicho ndani ya hiyo moja. Nikamwambia ni mama yake. Akatoka majini, akatuongoza nyumbani kwake jikoni, ambako boksi zenye H zilikuwa zimepangwa vizuri, ndani yake mbegu za maharagwe.

Namba iliandikwa pia kwenye rili zenyewe, Mzee Nassor hakuamini boksi peke yake. Ya kwetu tuliikuta chini ya kitanda cha watoto. Ilikuwa imebaki nusu.

Nusu iliyobaki ilikuwa ya ndani, yaani mwanzo wa kipindi. Mwisho, kwa vile tuliuacha nje kama tulivyofundishwa, ndio ulioanza kuvutwa, na mwisho ndio uliokuwa na wenye kutafuta watu. Nililia hapo jikoni kwa Mama Spès, nikalia kwa sauti, na nilimkasirikia marehemu kwa kuwa fundi mzuri.

Mama Spès alikumbuka rili hiyo alianzia upande gani wa shamba. Tulikusanya vipande mpaka jua likaanza kushuka, vingine vimekatika, vingine vina mafundo na matope. Na kazi iliyofuata nawaandikia kwa makusudi, maana hakuna kati yenu anayeijua. Kipande unakifuta kwa pamba yenye maji safi kidogo, unakikausha kivulini. Unakitambua upande wa sauti kwa kuwa haung'ai. Ncha mbili unazikata pamoja kwa wembe, kwa mshazari, kamwe usikate wima, la sivyo utasikia mlio. Unazikutanisha bila kupandiana, unabandika utepe wa gundi mgongoni, unasugua kwa ukucha. Nilifanya hivyo siku kumi na moja. Nadège alikaa nami kila siku, na siku ya nne wembe alikuwa anaushika yeye. Hakuna aliyejua ni kipande kipi kinamfuata kipi. Tulivipanga kwa kuvisikiliza.

Siku ya kumi na mbili tulimwita Evariste. Nadège alitegesha kompyuta irekodi, kwa kuwa bande ile haikuwa ya kuchezwa mara nyingi. Evariste alikataa kiti tena. Nikawasha. Zilipita sauti za wengine, mzee anayemtafuta mkewe, msichana anayetafuta kaka zake wawili, kisha kishindo cha mahali tulipounga bande, kisha mwanamke, anaongea haraka kama aliyeambiwa muda ni mfupi.

"Miye ni Mama Evariste, wa Kibenga. Natafuta mutoto yangu, Evariste, iko na myaka sita. Alivaa shati ya kaki ya masomo. Ana alama ya moto ku mukono..."

Hapo pana pengo. Kipande hicho kimebaki Gihanga. Evariste alikuwa ameshika mkono wake wa kushoto, juu kidogo ya kiwiko.

"...hii ni mara ya ine nakuja hapa ku redio. Mutu mwenye iko naye amuambie asilie. Mi nakuja."

Kikafuata kishindo kingine na sauti ya mtu mwingine, nikazima.

Mara ya nne. Nilihesabu upesi kuliko nilivyotaka. Waliokuja siku zisizo za "Barazani" tuliwarekodi kwenye bande za matangazo, zikachezwa hewani jioni, na Ijumaa zikafutwa, kwa sababu bande hazikuwapo na foleni ilikuwapo. Hazikuwa na H. Mwanamke yule alikaa mbele yangu mara tatu kabla ya hiyo, akataja shati na alama ya moto, na mara tatu mimi ndiye niliyeweka rili juu ya sumaku na kuwasha. Nikamwambia Evariste hivyo hivyo. Nilimwambia zile tatu nilizifuta mimi, kwa mkono huu, na kwamba sikumbuki hata sura yake.

Sidhani kama alinisikia. Alikuwa bado anaitazama mashine.

"Mara ine, Mama," alisema. "Miye niliambiwa apana hata mara moja."